Sura ya Tano: Kamera Isiyopiga Radi

Kitu cha kwanza nilichokitafuta kwenye kamera mpya hakikuwepo. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya duka, Kariakoo, boksi limelala mapajani, na kidole changu cha kushoto kikaenda chenyewe ubavuni mwa kamera, mahali kilipozoea kwenda kwa miaka sita: kwenye kitufe cha kuinulia flashi. Hakikugusa kitu. Canon EOS 6D haina flashi yake yenyewe.

Nikarudi ndani kuuliza.

"Hii haina, kaka," muuzaji akanijibu huku akiniandikia risiti. "Ukitaka flashi utaweka ya juu. Lakini jaribu kwanza bila."

Nilipanda basi la Tanga na wasiwasi. Mimi ni mpiga picha wa harusi, na harusi zetu nyingi huanza jua likishazama. Kwa miaka sita nilikuwa nimewapiga watu flashi usoni, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu kamera yangu ya zamani, Canon EOS 60D, haikuniachia njia nyingine. Sasa nilikuwa nimelipa akiba ya misimu miwili kununua fulu fremu iliyokwisha kutumika, na kitu nilichokitegemea kuliko vyote kilikuwa kimeondolewa.

Wanaotaka kuhama kutoka sensa ndogo kwenda fulu fremu huniuliza swali moja: utaona tofauti gani? Sura hii ndiyo jibu langu. Nitaeleza miezi mitatu ya mwanzo, yaliyonifurahisha na yaliyonigharimu, kwa sababu ndani ya miezi hiyo niligundua kwamba watu niliokuwa nikiwapiga picha walikuwa na mwanga wao siku zote. Mimi ndiye niliyekuwa nikiuzima kwa flashi.

Kikubwa ni nini hasa

Wengi hudhani fulu fremu ni kamera kubwa. Niliziweka mbili zangu kwenye mizani: ya zamani gramu 755, mpya gramu 770, kila moja na betri yake. Betri yenyewe ni ile ile, na kadi ya kumbukumbu ni ile ile. Kilichokua ni kile usichokiona mpaka utoe lenzi na kuinua kioo: sensa, kile kibamba kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha.

Sensa ya 60D ina milimita 22.3 kwa 14.9. Ya 6D inakaribia 36 kwa 24. Ukizidisha, ya kwanza ina eneo la milimita za mraba 332 na ya pili 864, yaani mara 2.6. Lakini idadi ya pikseli haikuongezeka sana: megapikseli 18 kwa ile, 20.2 kwa hii. Maana yake ni kwamba kila pikseli imepata uwanja mpana zaidi wa kukinga mwanga.

Vipimo vya 36 kwa 24 havikuanzia kwenye kompyuta. Vilianzia Wetzlar, Ujerumani, kwa fundi Oskar Barnack wa kiwanda cha Leitz. Barnack alichukua filamu ya sinema ya milimita 35, ambayo fremu yake ilikuwa 18 kwa 24, akailaza na kuunganisha fremu mbili ziwe moja. Kamera iliyotokana na wazo hilo, Leica, ilioneshwa kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig mwaka 1925, na fremu ile ikaja kuwa kipimo cha dunia nzima. Kwa hiyo "fulu" maana yake ni kujaa kwa kipimo cha filamu ya Barnack, basi. Wazee wa studio za mwambao waliotumia filamu ya sentimita sita kwa sita walikuwa na negativu yenye eneo zaidi ya mara tatu na nusu ya fulu fremu yangu. Ndiyo sababu picha zao za nusu karne iliyopita, ukizitazama kwa karibu, bado zinaonesha uzi wa kofia.

Kilichoziweka sensa hizi mbali nasi kwa muda mrefu ni bei. Sensa hukatwa kutoka kwenye bamba la mviringo la silikoni. Kadiri kipande kinavyokuwa kikubwa ndivyo bamba moja linavyotoa vichache, na kasoro ndogo kama punje ya vumbi huharibu eneo kubwa zaidi. Canon walitoa 1Ds mwaka 2002, chombo cha wenye fedha nyingi. Ikafuata 5D mwaka 2005, kisha 6D mwaka 2012 kwa wenye mifuko ya kawaida kidogo. Miaka ikapita, wenye nazo wakanunua mpya zaidi, na moja ikanifikia mimi kwenye benchi la Kariakoo.

Chumba cha boriti

Niliijaribu kwa mara ya kwanza nyumbani, jioni ile ile, nikiwa na lenzi yangu ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, lenzi ndogo ya plastiki ambayo kila mpiga picha anayeanza huinunua. Nilipoweka jicho kwenye tundu la kuchungulia nilidhani nimekosea lenzi. Kwenye 60D nilizoea kuwa kama mtu anayechungulia kwa tundu la ufunguo. Hapa palikuwa na dirisha. Picha inayoonekana ndani ni pana kwa karibu moja ya tano, na ni ang'avu zaidi, kiasi kwamba niliona jicho la mwanangu likigeuka kunitazama kabla sijabonyeza.

Na lenzi yenyewe ilikuwa imerudi kuwa yenyewe. Sensa ndogo hukata pembeni mwa picha ambayo lenzi inaitoa, hivyo ile 50 yangu ilikuwa ikiona finyu kama ya 80. Kwenye fulu fremu inaona kila ilichoundwa kuona.

Umuhimu wa jambo hili niliuelewa wiki iliyofuata, nilipoitwa Pangani kupiga picha za ukoo katika nyumba ya kale ya mawe. Vyumba vya nyumba hizi ni virefu lakini vyembamba, kwa kuwa dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya kawaida haifiki mbali zaidi ya mita tatu hivi. Nilishawahi kufanya kazi kwenye vyumba vya namna ile na 60D. Kumpata mtu kuanzia magotini hadi kofiani kwa lenzi ya 50 nilihitaji kusimama kama mita 3.2 kutoka kwake, na ukuta ulikuwa ukinigonga mgongo kabla sijafika. Nilikuwa nikitoka mlangoni, napiga nikiwa ukumbini. Kwa 6D picha ile ile niliipata nikiwa mita mbili. Nilikuwa ndani ya chumba pamoja na watu. Mama mwenye nyumba alinyoosha mkono akaniwekea kikombe cha kahawa kwenye ukingo wa zidaka, karibu na bega langu, akaendelea kuongea. Picha zilizotoka siku ile zina mazungumzo ndani yake, kwa sababu na mimi nilikuwa mmoja wa waliokuwa wakizungumza.

Msikitini baada ya isha

Mtihani wa kweli ulikuja Ijumaa ya tatu, kwenye akdi. Msikiti ulikuwa mdogo, taa mbili za mirija ukutani, na sheikh alikuwa ameshasema kabla: picha sawa, lakini asingependa kuona watu wakimulikwa wakati wa khutba. Zamani ningesubiri hadi wamalize, kisha nikawaomba washikane mikono upya nje ya mlango. Picha nyingi za ndoa katika albamu zangu za nyuma ni za kuigiza namna hiyo.

Safari hii nilikaa mkekani. Niliweka ISO 3200, nikachagua mlio wa shata ulio mpole, ambao 6D inao, na nikaanza kupiga. Aliyekuwa kushoto kwangu hakugeuka.

Usiku nilipozifungua picha kwenye kompyuta nilikaa kimya muda mrefu. Kwenye kamera ya zamani, kiwango kile kingejaza chenga kila mahali palipo na giza, zile punje nyekundu na kijani kama televisheni iliyopoteza stesheni. Hapa palikuwa na punje laini za rangi moja, na nyuma yake ngozi, mkeka, na maandishi ya mbao yaliyo juu ya mihirabu.

Sababu yake unaweza kuielewa ukikumbuka manyunyu. Weka vikombe kumi uani manyunyu yakianza, uvitoe baada ya dakika moja. Kimoja kitakuwa na matone matatu, kingine saba, kingine mawili, ingawa mvua ni ile ile. Weka mabeseni kumi kwa dakika ile ile, na tofauti kati ya beseni na beseni itakuwa ndogo mno ukilinganisha na maji yaliyomo. Mwanga nao huja kwa matone, na matone yake huanguka kwa kubahatisha. Gizani matone ni machache. Pikseli yenye mdomo mwembamba inahesabu vibaya na jirani yake inahesabu vibaya kwa namna nyingine, na kutokubaliana kwao ndiko tunakokuona kama chenga. Sensa yenye eneo la mara 2.6 inakinga mwanga mara 2.6 kwa picha ile ile. Ni zaidi kidogo ya stopu moja na robo. Ukiisoma inaonekana ndogo, lakini ukiwa mkekani ni tofauti kati ya kupiga na kutopiga.

Lakini akdi ile ndiyo pia iliyonipa somo lililoniuma. Picha ambayo kila mtu aliisubiri ni ile ya mikono: bwana harusi na baba wa bibi harusi wameshikana mkono wa kulia, baba anatamka kumwoza, kijana anakubali. Nilikuwa pembeni, mita mbili, lenzi nimeifungua hadi f/1.8 ili ninyonye mwanga wote. Kijana alitoka vizuri kabisa, hata jasho la juu ya mdomo linaonekana. Baba alikuwa amekaa nusu mita nyuma yake kwa upande wangu, na uso wake ulikuwa ukungu.

Kwa umbali ule na tundu lile, eneo linaloonekana kali kwenye fulu fremu ni kama sentimita 17 tu. Kwenye 60D, kwa picha yenye mpangilio ule ule, ningekuwa nimesimama mbali zaidi na ningepata kama 28. Miaka sita ilikuwa imenifundisha kutegemea zile za ziada bila kujua kwamba nazitegemea.

Nilipompelekea yule mzee albamu, aliifungua kwenye ukurasa ule, akaitazama, akanitazama.

"Mwanangu," akasema, "mimi ndiye niliyemwoza. Mbona sionekani?"

Sikuwa na jibu la kiufundi la kumpa mtu aliyeniuliza hivyo. Nilimwomba radhi. Na tangu siku ile nimeshika kanuni mbili. Ya kwanza, kwenye tendo la watu wawili silifungui tundu kupita f/4, ambalo kwa mita mbili hunipa karibu sentimita 38, na gharama ya giza naiacha ibebwe na ISO, hata ifike 12800. Ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza: nafika mapema, nakaa mahali ambapo nyuso zote mbili ziko umbali mmoja na lenzi. Ukungu mzuri nyuma ya mtu mmoja ni pambo. Ukungu juu ya uso wa mzazi ni dharau, hata kama hukuikusudia.

Kanzu nyeupe, uso mweusi

Kipima mwanga cha kamera hakijui kanzu wala uso. Kila kinachokiona hukichukulia kuwa kijivu cha wastani, kile wapiga picha wanachokiita kijivu cha asilimia 18. Ukiielekeza kamera kwenye safu ya mbele ya msikiti, wanaume ishirini ndani ya kanzu nyeupe, inaamini mwanga umezidi, inapunguza. Kanzu zinatoka rangi ya majivu na nyuso zinazama. Mpiga picha akijitetea kwa flashi anapata kasoro ya upande wa pili: paji la uso linang'aa kama limepakwa mafuta, na nyuma ya mtu panakuwa usiku mtupu.

Fulu fremu haikukibadilisha kipima mwanga. Kilichobadilika ni kile ninachoweza kukiokoa. Faili ghafi la 6D lililopigwa kwenye ISO ya juu, nikiuinua uso uliozama, linanipa kahawia ya kweli, ile yenye wekundu ndani yake mashavuni na weusi wa kina chini ya taya. Kwenye 60D, nikiuinua uso ule ule, ulikuja na chenga za zambarau, na nilikuwa nikizifuta kwa programu mpaka mtu anabaki kama sanamu ya nta.

Hata hivyo kuokoa si kazi ya kujivunia. Siku hizi napima mwanga kwenye uso, nikitumia kipimo cha doa dogo la katikati. Uso ukiwa mweusi sana napunguza stopu moja, kwa sababu kamera itataka kuugeuza kijivu. Uso wa maji ya kunde nauacha karibu kama ulivyo. Nikilazimika kupima kwenye kanzu naongeza stopu moja au zaidi. Tangu nianze kufanya hivi nimeacha kusikia ile kauli niliyoizoea kwa wateja wangu, "umenifanya mweusi mno" kutoka kwa mmoja na "umenipausha" kutoka kwa mwingine. Watu wanataka kuonekana walivyo, na hilo ni dai la haki.

Gharama zinazokuja baadaye

Haya nitayasema kwa kifupi, lakini yasome kabla hujatoa fedha.

Lenzi zako za zamani huenda zisihame nawe. Yangu ya 18-135 ni ya aina ya EF-S, iliyotengenezwa kwa sensa ndogo, na haifungi kabisa kwenye 6D. Niliyoinunua kuchukua nafasi yake, 24-105, ina gramu 670 badala ya 455, na bega langu huikumbuka kila kukicha baada ya harusi. Lenzi za bei nafuu zinazofunga zitakuonesha pembe zake, ambazo sensa ndogo ilikuwa ikizikata: giza kidogo, ulaini kidogo. Shata ya 6D inaishia 1/4000 ya sekunde wakati ya 60D ilifika 1/8000, hivyo saa saba mchana ufukweni hutaweza kuifungua lenzi hadi f/1.8 bila picha kuungua. Ina vituo 11 vya kulengea, na cha katikati peke yake ndicho ninachokiamini gizani, ingawa hicho hushika hata kwenye mwanga mdogo kama wa mbalamwezi.

Kama kazi yako ni ya mchana, au unapiga ndege na mpira ambako unataka kumvuta mtu aliye mbali, baki na sensa ndogo, ununue lenzi nzuri. Kama unafanya kazi ndani ya nyumba, usiku, kati ya watu wasiopenda kumulikwa, jikusanye.

Kandili ya bibi

Mwezi wa tatu nilikwenda kijijini kumwona bibi yangu. Umeme ulikatika baada ya magharibi, na yeye hakujishughulisha nao. Aliwasha kandili, akaiweka sakafuni upande wa kulia, akavuta ukindu wake akaendelea kusuka ukili wa mkeka aliouanza. Majani ya zambarau na ya manjano yalipita vidoleni mwake, moja juu, moja chini, na mkono haukuwahi kusita kutafuta.

"Bibi, nikupige picha?"

"Unipige na hiyo radi yako?" akasema. "Piga, mjukuu wangu. Ila unajua macho yangu."

Nilijua. Katika kila picha niliyowahi kumpiga amefumba. Kuna moja ya harusi ya dada yangu, moja ya Idi, moja siku nilipomletea redio. Katika zote amekaza kope na kukunja shavu, kama mtu anayengoja kofi. Tulizoea kusema bibi hajui kupigwa picha. Nilikuwa nimelisema mimi mwenyewe, mbele yake.

Nikakaa chini, mgongo ukutani. ISO 6400, 1/60 ya sekunde, lenzi wazi, kituo cha katikati kwenye jicho lililo upande wa kandili. Alikuwa peke yake ndani ya fremu, kwa hiyo sentimita zile chache zilitosha. Nikabonyeza. Nikangoja ageuze ukili, nikabonyeza tena. Alikuwa akinitazama, mikono ikisuka yenyewe, na ulimi mdogo wa moto ulikuwa ndani ya kila jicho.

Baada ya muda akachoka kungoja.

"Mbona hupigi?"

"Nimeshapiga, bibi."

Akasimamisha mikono. Nikamgeuzia kamera nyuma, akainama kwenye kioo, uso wake wa kweli karibu na ule wa pichani, zote mbili zikimulikwa na kandili moja. Aliutazama kwa muda.

"Kumbe nina macho ya mama yangu," akasema.